Pesa kwenye majedwali, watu kwenye grafu: kisa cha SACCO moja ya Busia

SACCO hii iko Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara inayoelekea mpakani. Wanachama wake ni watu wa mpaka: waendesha bodaboda, wauza mitumba, wabadilishaji fedha, akina mama wa samaki na nafaka, walimu wawili watatu. Jina lake silitaji, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Tatizo liliingilia kwenye mikopo. Msimu mmoja kundi la wakopaji lilichelewesha marejesho karibu kwa pamoja. Hilo peke yake si ajabu. Biashara ya mpakani ikilala, wengi hulala nayo. Ajabu ilikuja kamati ya mikopo ilipowageukia wadhamini. Muuza mitumba aliyeshindwa kulipa alikuwa amedhaminiwa na fundi wa pikipiki. Fundi naye ana mkopo uliochelewa, na mdhamini wake ni mwenye duka la vipuri. Mwenye duka la vipuri pia mkopo wake umechelewa, na aliyemdhamini ni yule yule muuza mitumba. Kila fomu ukiisoma peke yake iko sawa: sahihi ipo, barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ipo, nakala ya kitambulisho cha taifa ipo. Ukizisoma zote tatu kwa pamoja, hakuna dhamana yoyote hapo. Ni watu watatu walioegemeana.

Mwenyekiti wa kamati, mzee aliyestaafu ualimu, akauliza swali ambalo programu ya chama haikuweza kulijibu: "Huyu nikimpa, akianguka, anaanguka na nani?" Programu ilijua nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini, kwa riba ipi. Nani amemwegemea nani, haikujua.

Kijana wa kompyuta wa chama alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amesoma kuhusu hifadhidata za grafu, zinazoweka watu na vitu kama nodi na uhusiano kati yao kama viungo, akapendekeza kila kitu kihamie Neo4j, mojawapo ya hizo: wanachama, akiba, hisa, mikopo, hata daftari la hesabu. Mhasibu, Hajat ambaye amefunga vitabu vya chama tangu enzi za karatasi, akakataa katakata. Meneja akaniita nisikilize pande zote mbili.

"Asalaam aleikum, Hajat. Nasikia wewe na michoro hampatani."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Michoro sina ugomvi nayo. Nauliza kimoja tu: mkaguzi akija, nampa nini?"

Swali hilo liliamua nusu ya muundo mzima. Daftari la hesabu linataka miamala inayoingia yote au isiingie kabisa, jumla zinazolingana hadi shilingi ya mwisho, na masharti yanayoikataa data mbovu kabla haijakaa. Kwa haki ya Neo4j, nayo ina miamala kamili. Si kweli kwamba haiwezi kutunza pesa. Lakini ripoti za mkutano mkuu, za mkaguzi na za UMRA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016 kusimamia taasisi ndogo za fedha, zote ni safu, safuwima na jumla. PostgreSQL ya chama, hifadhidata ya majedwali, ilikuwa ikizitoa bila shida. Kuhamisha kinachofanya kazi ili upate kimoja kinachokosekana ni kujitafutia kazi.

Halafu kuna historia ambayo watu wa grafu huisahau. Hifadhidata za kutembea kutoka rekodi hadi rekodi hazikuanza juzi. Miaka ya 1960 Charles Bachman alijenga IDS, ambamo rekodi moja huelekeza kwa nyingine na programu hufuata mishale. Ni miongoni mwa kazi zilizompa Tuzo ya Turing mwaka 1973. Edgar Codd wa IBM alipotoa makala yake ya mwaka 1970 kuhusu modeli ya kiuhusiano, yaani ya majedwali, mojawapo ya malalamiko yake ilikuwa kwamba programu zimefungwa kwenye njia zilizochorwa ndani ya data. Njia ikibadilika, programu inavunjika. Grafu za leo zina lugha nzuri za kuuliza, kwa hiyo si IDS iliyofufuka. Ila lalamiko la Codd bado lina uzito mtu anapotaka daftari zima likae kwa umbo la swali moja la kamati ya mikopo.

Kwanza, GROUP BY

Kabla ya kugusa grafu niliomba kitu kidogo: orodha ya wadhamini, na mbele ya kila mmoja akiba yake na jumla ya alichokidhamini kwenye mikopo iliyo hai. Kwa SQL, lugha ya kuuliza majedwali, hizo ni JOIN mbili (kuunganisha majedwali) na GROUP BY moja (kujumlisha kwa kila mtu). Tuseme mtu ana akiba ya shilingi 2,000,000. Anadhamini mkopo mmoja kwa shilingi 1,500,000, baadaye wa pili kwa kiasi hicho hicho, kisha wa tatu. Fomu zote tatu zinaonyesha akiba ya milioni mbili, na zote zinasema kweli, maana afisa mikopo alitazama salio tu. Ahadi zilizokwisha kulikalia salio hilo hakuzitazama. Milioni mbili inabeba milioni nne na nusu.

Orodha ilipotoka, mzee mwenyekiti aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, akasema, "Kumbe tulikuwa tunauza ng'ombe mmoja mara tatu."

Nalisisitiza hili kwa sababu katika mazungumzo yote ya "tunahitaji grafu" hakuna aliyekuwa amelitaja. Sehemu kubwa ya hasara iliyokuwa ikinyemelea ilikuwa swali la kawaida la majedwali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza.

Mizunguko sasa ni jambo lingine. Hapo GROUP BY haifiki. Unahitaji kumfuata mdhamini hadi kwa mkopaji, mkopaji huyo naye kama mdhamini wa mwingine, uendelee hivyo bila kujua mapema ni hatua ngapi. PostgreSQL inaweza tangu toleo la 8.4 la mwaka 2009, kwa WITH RECURSIVE, swali linaloendelea kujiuliza juu ya matokeo yake lenyewe. Tulianza na mwonekano mmoja (swali lililohifadhiwa linalosomwa kama jedwali), dhamana_hai, wenye jozi za mdhamini na mkopaji kwa mikopo ambayo haijaisha, kisha tukaandika hivi:

```
WITH RECURSIVE njia AS (
  SELECT mdhamini, mkopaji,
         ARRAY[mdhamini, mkopaji] AS hatua
  FROM dhamana_hai
  WHERE mkopaji >= mdhamini
  UNION ALL
  SELECT n.mdhamini, d.mkopaji, n.hatua || d.mkopaji
  FROM njia n
  JOIN dhamana_hai d ON d.mdhamini = n.mkopaji
  WHERE n.mkopaji <> n.mdhamini
    AND d.mkopaji >= n.mdhamini
    AND (d.mkopaji = n.mdhamini
         OR NOT d.mkopaji = ANY(n.hatua))
    AND cardinality(n.hatua) < 7
)
SELECT hatua FROM njia WHERE mkopaji = mdhamini;
```

Mistari miwili yenye alama ya >= inaonekana midogo lakini ndiyo inayokuokoa na kelele. Bila hiyo, mzunguko wa watu watatu utaorodheshwa mara tatu, kila mara ukianzia kwa mtu mwingine, na kamati itadhani kuna magenge matatu. Kwa masharti hayo mzunguko huhesabiwa ukianzia tu kwa mwenye namba ndogo ya uanachama.

Kwa Cypher, lugha ya Neo4j, swali lile lile ni fupi mno:

```
MATCH p = (a:Mwanachama)-[:ADHAMINI*2..6]->(a)
WHERE all(k IN relationships(p) WHERE k.mwisho IS NULL)
RETURN p
```

Kijana alizilinganisha akashtuka: hata baada ya kuondoa marudio, Cypher ilileta mizunguko zaidi. Hakuna iliyokosea. Cypher inakataza kiungo kurudiwa katika njia moja, nodi haikatazi. Kwa hiyo mizunguko miwili ya watu watatu inayokutana kwa mtu mmoja huonekana pia kama mzunguko mmoja wa hatua sita, umbo la namba nane. SQL yetu ilikuwa imekataza mtu kurudiwa. Ukiweka data moja kwenye hifadhidata mbili, tarajia mambo ya namna hii, na uamue mapema ni jibu la upande gani litakaloitwa jibu.

Vipi kuhusu kasi? Wauzaji wa grafu hupenda kuanzia hapo. Neo4j huhifadhi nodi ikiwa na njia ya moja kwa moja kuelekea viungo vyake, hivyo gharama ya hatua moja hutegemea viungo vya nodi hiyo, si ukubwa wa hifadhidata nzima. Jedwali hupitia faharasa kwa kila hatua. Katika mtandao wenye mamilioni ya watu na hatua nyingi, tofauti ni kubwa sana. Katika chama chenye wanachama elfu chache, faharasa yote imekaa kwenye kumbukumbu ya seva na majibu yote mawili yanatoka kabla mtu hajaondoa kidole kwenye kibodi. Kasi haikuwa sababu ya kuweka grafu Busia.

Simu za pande mbili za mpaka

Sababu ilikuwa maswali ambayo hakuna aliyeyajua bado.

Afisa mikopo alikuwa na hisia, kama walivyo maafisa mikopo wazuri, kwamba watu fulani "wanakwenda pamoja" ingawa hawajadhaminiana. Aliyeandikwa kama ndugu wa karibu kwenye fomu moja ni mdhamini kwenye nyingine. Namba moja ya simu ipo kwa watu wawili wenye majina tofauti. Pikipiki moja imewekwa rehani, ikauzwa, ikarudi kama rehani ya mtu mwingine. Kila moja ya hisia hizi unaweza kuiandikia SQL, lakini lazima kwanza uijue, kisha uandike muungano mpya wa majedwali kwa kila aina ya uhusiano. Kwenye grafu unasimama juu ya mtu na kuuliza: kuna nini kati ya huyu na yule, kwa njia yoyote, ndani ya hatua nne? Swali hilo kwa SQL ni maumivu ya kweli. Kwa Cypher ni mstari mmoja.

Basi tukaanza kumimina viungo, na hapo mpaka ukatufundisha adabu.

Wakazi wengi wa Busia wana laini mbili, ya Uganda na ya Kenya, kwa sababu pesa zao huingia kwa simu kutoka pande zote. Fomu za zamani ziliandika namba kwa mtindo wa nyumbani, tarakimu 10 zinazoanza na sifuri, bila msimbo wa nchi. Kenya na Uganda zote zina namba za urefu huo. Namba inayoanza na 0701 ni ya Airtel ukiwa Uganda, na ni ya Safaricom ukivuka upande wa pili. 0752 ni Airtel pande zote mbili, lakini za watu wawili tofauti, mmoja chini ya +256 na mwingine chini ya +254. Grafu ilichukua tarakimu zile zile kama simu moja, ikamuunganisha mwalimu wa upande huu na muuza viatu ambaye hawajawahi kuonana.

Kwenye jedwali kosa hili lilikuwa limelala miaka mingi bila kumdhuru mtu. Mwalimu ana safu yake, muuza viatu ana yake, na keshia akipiga anampata anayemtaka kwa sababu anajua huyu ni wa upande gani. Ndani ya grafu lile kosa likageuka ushahidi. Marekebisho yalifanywa kwenye jedwali la wanachama: safuwima ya simu ikapata sharti kwamba namba lazima ianze na + na msimbo wa nchi, na zile za zamani zisizo na uhakika zikawekwa alama zisitengeneze kiungo hadi mwenyewe athibitishe akija kaunta. Usirekebishe data chafu ndani ya grafu. Ukifanya hivyo utairekebisha tena kila utakapoijenga upya.

Kisha akajitokeza wakala. Namba moja ilikuwa imeandikwa na wanachama wengi mno kama simu ya mawasiliano. Kijana aliona nodi katikati ya skrini yenye miale pande zote akadhani amemkamata kiongozi wa genge. Alikuwa wakala wa pesa za simu mwenye kibanda chake barabarani. Wanachama wasio na simu zao wenyewe walimtumia kupokea ujumbe. Mwenyekiti wa LC1 alitokea vivyo hivyo, kwa kuwa barua yake iko kwenye kila fomu ya kijiji chake. Nodi za namna hii huharibu mambo mawili. Zinapunguza mwendo, maana kila njia inayopita hapo hulipuka kuwa njia nyingi. Na, baya zaidi, zinafanya kila mtu awe hatua mbili kutoka kwa kila mtu. Tulikubaliana kwamba barua ya LC1 haitakuwa kiungo kabisa, na namba inayotumiwa na watu kupita kiwango kilichowekwa na kamati itabaki kwenye jedwali, isiingie kwenye grafu. Kiwango hicho si cha kihesabu. Alikipendekeza afisa mikopo, anayewajua mawakala wa mji.

Nani anaandika wapi

Sehemu hii ndiyo inayovunja miradi mingi ya hifadhidata mbili, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Toleo la kwanza la kijana lilimwaga majedwali kwenye faili za CSV kila usiku na kuzipakia Neo4j. Lilifanya kazi vizuri hadi Ijumaa moja. Mwendesha bodaboda alimaliza mkopo wake mchana, akapewa risiti. Usiku ule umeme ulikatika, faili hazikupakiwa. Jumamosi ndugu yake alikuja na fomu mpya, kamati ikafungua grafu, ikaona mwendesha boda bado yumo kwenye mzunguko, ikamkatalia ndugu. Risiti ya jana ilikuwa mfukoni mwa mtu. Maneno yaliyosemwa kaunta siku hiyo siyaandiki.

Pendekezo lililofuata lilikuwa programu ya kaunta iandike sehemu zote mbili kwa wakati mmoja: kwanza PostgreSQL, kisha Neo4j. Nililipinga. Kati ya kuandika kwa kwanza na kwa pili kuna mwanya, na kwenye mwanya huo seva inaweza kuzima, mtandao unaweza kukatika, Neo4j inaweza kukataa. Upande mmoja unasema dhamana ipo, mwingine unasema haipo, na hakuna anayejua upi ni wa kweli.

Tulichokifanya ni hiki. PostgreSQL ndiyo pekee inayoandikwa na binadamu. Ndani yake kuna jedwali dogo, tuliliita foleni, na kichocheo kwenye jedwali la dhamana, la mikopo na la wanachama huongeza safu moja kwenye foleni kila kitu kinapobadilika. Kwa kuwa safu hiyo iko ndani ya muamala ule ule, dhamana ikiingia habari yake imeingia, na dhamana ikighairiwa habari yake imeghairiwa. Skripti huisoma foleni kila baada ya sekunde chache na kupeleka mabadiliko Neo4j kwa MERGE, ambayo huunda kiungo kama hakipo na hukitumia kilichopo kama kipo. Skripti ikifa katikati na kurudia kazi, hakuna kinachojirudia. Hapa kuna sharti moja: lazima Neo4j iwekewe upekee wa namba ya mwanachama, la sivyo MERGE mbili za wakati mmoja zinaweza kuzaa nodi mbili za mtu mmoja.

Zana kubwa zipo. Debezium husoma logi ya PostgreSQL yenyewe na kwa kawaida hutuma mabadiliko kupitia Kafka, mfumo wa kusafirisha ujumbe kati ya programu. Kwa benki, ndiyo. Kwa ofisi yenye seva moja na betri ya kuishikilia umeme ukienda, foleni ya jedwali inatosha na kijana anaweza kuielewa yote.

Kuna mtego kwenye foleni ambao huonekana tu siku yenye watu wengi kaunta. Ni kawaida skripti kukumbuka namba ya mwisho iliyosoma na kuanza na inayofuata. Lakini PostgreSQL hutoa namba wakati safu inapoandikwa, si wakati muamala unapothibitishwa. Keshia wa kwanza anapata namba 501 na kuchelewa kidogo. Wa pili anapata 502 na kumaliza mara moja. Skripti inaiona 502, inaandika "nimefika 502", na 501 ikithibitishwa baadaye haisomwi milele. Dhamana moja imepotea kwenye grafu bila kosa lolote kuonekana popote. Dawa ni kuachana na kukumbuka namba: kila safu ya foleni ina alama ya kupelekwa, na skripti huchukua zote zisizo na alama.

Hata hivyo kila Jumapili grafu nzima hufutwa na kujengwa upya kutoka PostgreSQL, kisha idadi za nodi na viungo hulinganishwa na za majedwali. Hilo linatupa faida ya pembeni. Neo4j ya bure haina chelezo (nakala ya akiba) ya kuchukuliwa wakati inafanya kazi. Hiyo iko kwenye toleo la kulipia. Grafu inayojengwa upya kila wiki haihitaji chelezo. Kinacholindwa ni PostgreSQL tu, kama zamani.

Kamati ilipewa agizo moja: grafu ikionyesha jambo, namba za uanachama zilizomo huulizwa tena PostgreSQL kabla ya mtu kukataliwa. Ukurasa wao hufanya hivyo wenyewe na kuweka rangi nyekundu panapotofautiana.

Majina hayamo kwenye grafu. Toleo la bure halimwezeshi msimamizi kusema huyu aone hiki na yule asione kile, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamdai anayetunza taarifa za watu asikusanye wala kuonyesha zaidi ya inavyohitajika. Kwa hiyo nodi ya mtu ina namba ya uanachama, na nodi ya simu ina namba ya ndani isiyo na maana nje ya PostgreSQL. Majina huletwa na ukurasa baada ya kujua aliyeingia ni nani. Ndugu wa karibu walioandikwa kwenye fomu wengi wao hawakuwahi kuulizwa kama wanataka kuandikwa popote, na mimi binafsi ningewaondoa kabisa. Kamati iliona vingine; viungo vyao vimebaki, kwa afisa mikopo peke yake.

Kufunga mlango

Kuona mizunguko ni kazi moja. Kuizuia ni nyingine, na ya pili haikupewa grafu. Kamati iliamua dhamana yoyote inayofunga mzunguko wa watu wasiozidi wanne ikataliwe kaunta. Ukaguzi huo upo ndani ya PostgreSQL, kwenye muamala ule ule wa kusajili dhamana, kwa sababu grafu hata ikiwa nyuma kwa sekunde tano tu imechelewa. Maafisa wawili wanaweza kusajili kwa wakati mmoja dhamana mbili ambazo kila moja peke yake ni safi, na kwa pamoja zinafunga duara; kila mmoja haoni ya mwenzake. Muamala umewekwa kiwango cha SERIALIZABLE, ambacho tangu toleo la 9.1 PostgreSQL hukitekeleza kwa kumkatalia mmoja kati ya wawili kama hao na kumtaka ajaribu tena. Hajat alifurahia hili kuliko yote. Ripoti anayompa mkaguzi inatoka mahali pale pale ilipotoka mwaka uliopita, ikiwa na ukurasa mmoja zaidi: wadhamini ambao ahadi zao zimezidi akiba.

Tulifikiria pia kuepuka nakala ya pili kabisa. Apache AGE huongeza Cypher ndani ya PostgreSQL, lakini huhifadhi grafu kwenye majedwali yake yenyewe, kwa hiyo bado ungenakili dhamana kutoka jedwali moja hadi jingine, ndani ya seva moja. Kinachobadilisha mambo ni SQL/PGQ, sehemu ya 16 ya kiwango cha SQL cha mwaka 2023. Hapo unatangaza kwamba jedwali la wanachama ni nodi na la dhamana ni viungo, kisha unauliza njia juu ya majedwali yale yale bila kunakili kitu. Oracle 23ai, hifadhidata nyingine ya majedwali, inayo tayari. Mwezi Aprili 2024 ISO, shirika la kimataifa la viwango, ilitoa pia GQL, lugha kamili ya grafu, na zote mbili huchora njia kwa mabano na mishale kwa namna ambayo mtu wa Cypher anaisoma bila kufundishwa.

Kwa sababu hiyo kijana amepewa kazi ya kuweka kila swali la Cypher kwenye faili moja, juu yake sentensi ya Kiswahili inayosema linatafuta nini na nani wa kamati aliliomba. Siku hifadhidata yao itakapoyaelewa maswali hayo juu ya majedwali yenyewe, foleni, skripti na seva ya pili vitatolewa, na faili hiyo ndiyo itakayohamishwa.